Ukuta Unaojisafisha: Mambo ya Kujua Kabla Kamati Haijanunua

Somo la robo hii kwa kamati za ujenzi za parokia na kwa wafadhili wetu

Lengo la somo: Baada ya kusoma na kujadili somo hili, wanakamati waweze (a) kueleza kwa maneno rahisi jinsi saruji inayojisafisha inavyofanya kazi, (b) kutofautisha uchafu inaouweza na ule isiouweza, na (c) kuamua kama ukuta wao unaihitaji, kabla fedha za waumini hazijatumika.

Utangulizi

Hakuna parokia isiyojua gharama ya weupe. Kanisa hupakwa rangi kwa michango ya mwaka mzima, hubarikiwa, watu wakapiga picha. Baada ya masika mawili upande mmoja una utandu wa kijani, chini ya ukuta kuna tope jekundu lililorushwa na matone ya mvua, na chini ya madirisha kuna michirizi myeusi. Kamati hukaa tena, na bahasha hugawiwa tena.

Ndiyo maana habari za saruji inayojisafisha yenyewe huamsha matumaini makubwa. Wengi huuliza: je, si afadhali tulipe zaidi mara moja, tukapumzika na mambo ya rangi? Swali hilo ni la haki. Saruji hiyo ipo kweli, si hadithi, na mojawapo ya majengo yaliyoifanya ijulikane duniani ni kanisa la parokia. Tuanzie huko.

1. Kanisa la Tor Tre Teste, Roma

Katikati ya miaka ya 1990, Vikariati ya Roma ilikuwa na mpango wa kujenga makanisa katika vitongoji vya pembezoni mwa jiji kwa ajili ya Jubilei Kuu ya mwaka 2000. Kitongoji kimoja kilikuwa Tor Tre Teste, upande wa mashariki, mahali penye maghorofa ya watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1996 shindano la kusanifu kanisa hilo lilishindwa na Mmarekani Richard Meier, msanifu anayejulikana kwa majengo yake meupe.

Meier alichora kuta tatu kubwa zilizopinda kama matanga ya jahazi yaliyojaa upepo, moja kubwa kuliko jingine, na paa la vioo likiziunganisha. Matanga hayo yalijengwa kwa vipande vya zege vilivyofinyangwa kiwandani, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 12, kisha vikapandishwa kwa mtambo maalumu. Ujenzi ulianza mwaka 1998. Ulikuwa mgumu kuliko ilivyotarajiwa, na kanisa, ambalo jina lake rasmi ni la Mungu Baba Mwenye Huruma, lilizinduliwa Oktoba 2003, miaka mitatu baada ya Jubilei.

Tatizo lilikuwa lile lile linalozisumbua parokia zetu: zege jeupe lisilopakwa rangi, katika jiji lenye moshi wa magari, litabakije jeupe? Kampuni ya saruji ya Kiitaliano, Italcementi, ilikuwa mshirika wa kiufundi wa mradi huo. Wataalamu wake, wakiongozwa na mkemia Luigi Cassar, walitengeneza saruji nyeupe iliyochanganywa na unga wa dioksidi ya titani, na zege lake likatiwa kokoto za marumaru nyeupe ya Carrara. Kwa sehemu kubwa, soko la saruji hii lilifunguliwa na kanisa hilo.

Hata hivyo, habari haikuishia kwenye uzinduzi. Uchunguzi wa kitaaluma uliofanywa zaidi ya miaka kumi baadaye ulionyesha kwamba weupe wa matanga yale haukubaki sawa kila mahali. Kuna sehemu zilizobadilika rangi na kupata madoa. Somo letu lote liko hapo. Kama katika jengo lililosimamiwa na wataalamu wa kiwango kile saruji hii ilikuwa na mipaka, basi ni vema tuijue mipaka hiyo kabla ya kutoa fedha.

2. Saruji hii inafanyaje kazi?

Siri yake ni dioksidi ya titani, ambayo kwenye vifungashio huandikwa TiO2. Ni unga mweupe, na kwa wingi hutumika kutengenezea rangi nyeupe. Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha mwaka 1972 ugunduzi kwamba dioksidi ya titani ikipigwa na mwanga inaweza kuyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kutokana na ugunduzi huo, katika miaka ya 1990 walitokea watengenezaji wa vigae vinavyojisafisha, na baadaye vioo na saruji.

Katika ukuta, kazi hufanyika kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni ya jua. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, huigusa titani iliyo usoni mwa ukuta na kuiamsha. Ikishaamka, kwa msaada wa unyevu na oksijeni ya hewani, hutengeneza chembe zenye nguvu ya kuvunjavunja uchafu wenye asili ya uhai au mafuta: masizi ya mafuta, alama za mikono, utandu mwembamba wa ukungu unaoanza. Uchafu huo huungua polepole bila moto, ukaishia kuwa hewa na maji.

Hatua ya pili ni ya maji. Ukuta ulioamshwa na jua huyapenda maji. Badala ya kusimama kama matone, maji hutandaa kama shuka jembamba, yakapenya chini ya vumbi na kulibeba yanaposhuka.

Titani yenyewe haiishi kwa kufanya kazi hii. Ni kichocheo: huharakisha kazi bila kuliwa, mfano wa mpishi anayepika chungu baada ya chungu asiwe yeye sehemu ya chakula. Lakini mpishi bila kuni na maji hapiki. Kadhalika, ukuta huu bila jua na bila mvua ni ukuta wa kawaida uliogharimu zaidi.

3. Uchafu gani huondoka, na upi hubaki?

Tunaziomba kamati zisome sehemu hii mara mbili, maana hapa ndipo fedha nyingi zinaweza kupotea.

Saruji hii hufanya vizuri kwa:
- masizi na moshi wa mafuta kutoka barabarani;
- utandu mwembamba wa ukungu na mwani, ukuta ukiwa unapata jua na kukauka;
- madoa mepesi ya chai, mafuta na mikono.

Saruji hii haiwezi:
- tope jekundu. Udongo ni madini, na madini hayaungui. Mvua huweza kuliosha vumbi jembamba, lakini tope zito huziba uso wa ukuta na kuizuia titani isilione jua;
- kutu inayotiririka kutoka kwenye mabati, misumari na nondo;
- chumvi nyeupe inayochomoza ukutani kutokana na unyevu unaopanda kutoka msingini;
- kuvu na mwani mnene, mahali ambapo maji hutiririka kila siku na jua halifiki;
- nyufa. Hakuna saruji inayosafisha ufa.

Sasa tujiulize kwa uaminifu: ni uchafu upi unaoharibu sura ya majengo yetu? Katika vigango vingi vya vijijini ni tope jekundu, unyevu wa msingini na mabati yenye kutu. Hayo matatu yote yako upande wa "haiwezi". Kanisa lililo katikati ya mji, kando ya barabara yenye malori, lina hoja nzuri zaidi.

4. Upenu na jua

Jambo hili husahauliwa kirahisi. Matanga ya Tor Tre Teste yamesimama wazi. Jua na mvua huyapiga bila kizuizi. Ndivyo saruji hii inavyotaka. Majengo yetu, kwa hekima ya wazee na mafundi wetu, huwa na upenu mpana unaoukinga ukuta dhidi ya mvua ya kusi na jua la mchana. Upenu huo ndio unaorefusha maisha ya ukuta wa tofali.

Maana yake ni kwamba sehemu ya juu ya ukuta wetu, iliyo chini ya upenu, haipati mvua wala jua la kutosha. Ukipaka hapo plasta ya saruji hii, umeiweka kivulini. Kwa hiyo parokia isije ikaambiwa ifupishe upenu ili "ukuta ujisafishe". Ukuta mchafu lakini mkavu utadumu kuliko ukuta mweupe unaolowa kila msimu.

Aidha, ndani ya kanisa saruji hii ina faida ndogo sana, kwa kuwa vioo vya madirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayohitajika.

5. "Rangi yetu ina titani"

Muuzaji anaweza kuwaonyesha neno TiO2 kwenye ndoo ya rangi na kusema kwamba rangi hiyo inajisafisha. Neno hilo peke yake halithibitishi lolote. Karibu kila rangi nyeupe nzuri ina dioksidi ya titani, kwa sababu ndiyo inayotoa weupe.

Titani hii ina maumbo mawili makuu. Lililo kali kwa kazi ya kujisafisha huitwa anatasi, na jingine huitwa rutili. Watengenezaji wa rangi za kawaida hutumia rutili, na kila chembe yake hufunikwa kwa utando ili isiamshwe na jua. Wana sababu: titani iliyoamka haichagui, huweza kula hata gundi ya rangi yenyewe. Ndiyo maana rangi duni ikikaa juani huchujuka na kuacha unga mweupe mkononi unapoigusa. Kwa hiyo titani ya rangi ya kawaida imefungwa mdomo makusudi, ilhali ile ya saruji inayojisafisha imeachwa wazi, kwa kuwa saruji, ikiwa ni ya mawe, haina gundi ya kuliwa.

Malighafi yenyewe si ngeni kwetu. Huko Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini ya titani kuanzia mwaka 2013 hadi uchimbaji ulipofikia kikomo Desemba 2024. Madini hayo yalisafirishwa nje yakiwa ghafi. Kutoka kwenye mchanga wa aina hiyo hadi unga unaojisafisha kuna kazi kubwa ya viwandani, na hiyo ni sababu mojawapo ya saruji hii kuwa ghali kuliko ya kawaida.

6. Je, husafisha na hewa?

Baadhi ya matangazo husema kwamba jengo la saruji hii husafisha hewa ya mtaa mzima. Hapa pia tuwe waangalifu. Ni kweli kwamba titani iliyoamshwa huweza kubadili oksidi za nitrojeni, ambazo ni sehemu ya moshi wa magari, kuwa chumvi inayooshwa na mvua. Katika maabara matokeo yalitia moyo. Lakini hewa ya mtaani hupita haraka, na sehemu ndogo tu ndiyo inayougusa ukuta.

Mjini Brussels, Ubelgiji, watafiti walipaka mada hii katika sehemu ya handaki la barabara la Leopold II na kufunga taa za urujuanimno, wakapima kati ya mwaka 2011 na 2013. Walichokiona ni punguzo lisilozidi asilimia 2. Uingereza nayo, jopo la wataalamu wa hewa walioishauri serikali waliandika mwaka 2016 kwamba ushahidi wa faida kubwa nje ya maabara ni mdogo. Kwa hiyo, mkiombwa kulipia zaidi kwa sababu ya "hewa safi ya watoto wa shule", jibuni kwa upole kwamba watoto watafaidika zaidi na miti uwanjani na jiko la shule lisilotoa moshi.

7. Jaribio ambalo kamati inaweza kulifanya yenyewe

Nchini Italia kipo kipimo rasmi ambapo sampuli ya saruji hupakwa rangi nyekundu ya maabara, kisha huwekwa chini ya taa, na kufifia kwa rangi hupimwa. Sisi tunaweza kuiga wazo hilo bila maabara.

(i) Mwambieni muuzaji awape saruji ya kutosha vigae viwili vidogo vya plasta. Fundi wenu atengeneze na vigae viwili vya saruji nyeupe ya kawaida, kwa kipimo kile kile cha mchanga. Viacheni vyote vikauke vizuri kwa wiki nne.

(ii) Dondosheni kwenye kila kigae matone matatu ya chai ya rangi iliyokolea, sawasawa kwa vyote.

(iii) Kigae kimoja cha kila aina kiwekwe juani, na kimoja cha kila aina kifunikwe kwa ubao. Vyote vinyunyiziwe maji kidogo kila jioni.

(iv) Baada ya siku saba na siku kumi na nne, linganisheni mbele ya watu watatu wasiojua kipi ni kipi.

Vigae vya kawaida vina umuhimu mkubwa katika jaribio hili. Jua peke yake hufifisha chai. Mkitazama kigae cha muuzaji bila cha kulinganisha, mtadhani saruji ndiyo iliyofanya kazi yote. Tofauti kati ya vigae viwili vilivyokaa juani ndiyo mnayotakiwa kuilipia. Kama tofauti haionekani kwa macho, basi hakuna cha kulipia.

8. Fedha zitangulie wapi?

Kwa maoni yetu, mpangilio mzuri kwa parokia yenye fedha kidogo ni huu:

Kwanza, paa na mifereji ya paa. Maji ya mvua yakishuka kwa mfereji hadi kwenye tangi, ukuta hubaki mkavu na parokia hupata maji.

Pili, chini ya ukuta. Mkanda wa zege au kokoto wenye upana wa hatua moja kuzunguka jengo huzuia matone yasirushe tope ukutani.

Tatu, unyevu wa msingini. Jengo jipya liwekewe karatasi ya kuzuia unyevu kabla ya kupandisha tofali.

Nne, vizingiti vya madirisha vichongewe mfereji mdogo upande wa chini, ili maji yadondoke mbali na ukuta badala ya kuchora michirizi.

Tano, chokaa au rangi nzuri ya nje, pamoja na siku moja kwa mwaka ya kuosha ukuta kwa brashi laini na maji.

Sita, ikiwa yote matano yamekamilika, na kuna ukuta wa mbele unaopata jua na mvua kando ya barabara yenye moshi, hapo saruji inayojisafisha inastahili kujadiliwa. Hata hapo, itumike kwenye plasta ya nje tu. Kuiweka katika msingi, nguzo za ndani au matofali ni sawa na kununua kitenge cha bei ghali ukakishona ndani ya godoro.

Wakati wa kazi, mafundi wavae barakoa na glavu. Vumbi la saruji yoyote hudhuru mapafu na ngozi. Zaidi ya hapo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka dioksidi ya titani miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, likizingatia vumbi lake linapovutwa. Ikishashikana ndani ya plasta haipeperuki, ila tahadhari inahitajika wakati wa kuchanganya na wakati wa kukata au kusugua.

Jambo la mwisho ni kwamba ukuta wa saruji hii usipakwe tena rangi ya kawaida. Tunajua ilivyo desturi kupaka kila kitu wiki moja kabla ya ziara ya Askofu. Koti moja tu la rangi huifunika titani, na gharama yote ya awali inakuwa imezikwa. Kamati ya sasa iandike jambo hili katika kitabu cha mali za parokia, ili kamati itakayokuja isiharibu kwa nia njema.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu wa kutaka majengo yetu yapendeze. Kanisa la Tor Tre Teste linatukumbusha kwamba msaada wa utaalamu na vifaa unaweza kuzaa kitu kipya kabisa. Pamoja na hayo, tunaomba zawadi ya ukuta mweupe isitangulie mfereji wa paa. Mfadhili anayelipia mifereji na tangi hatakuwa na picha ya kuvutia ya kuwaonyesha marafiki, lakini miaka kumi baadaye ukuta wake bado utakuwa umesimama. Na kama mnapenda kujaribu saruji hii, tunashauri ianze na ukuta mmoja, ukiwa na kipande cha plasta ya kawaida pembeni yake, ili parokia nyingine zije kuona na kujifunza.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Zungukeni jengo lenu pamoja. Andikeni kila aina ya uchafu mnaouona na chanzo chake. Mangapi kati ya hayo yataondolewa na jua na mvua?

2. Ni ukuta upi unaopata jua kwa zaidi ya nusu siku na mvua moja kwa moja? Ni upi uko chini ya upenu?

3. Katika miaka mitano iliyopita tumetumia kiasi gani kwa rangi, na kiasi gani kwa mifereji na paa? Je, mgawanyo huo ulikuwa wa busara?

4. Muuzaji akituambia bidhaa yake inajisafisha, tutamwuliza maswali gani matatu?

5. Nani atasimamia siku ya kuosha ukuta kila mwaka, na kazi hiyo imeandikwa wapi?

Tunaziomba parokia zitakazofanya jaribio la vigae zituletee majibu yao, yawe mazuri au mabaya, ili tushirikishane katika toleo lijalo.